Linda Hapa Mpaka Nirudi

Kila siku saa nne asubuhi, akishamaliza kuanika mashuka, Stephania humpelekea baba yake chai ya maziwa na ndizi mbili za kuchoma kwenye benchi la barazani, Hoteli ya Safari Njema, Omurushaka. Baba hatumii sukari. Hupokea kikombe kwa mikono miwili, hushukuru, kisha hunywa taratibu huku akitazama barabara ya Bukoba. Stephania ana miaka sitini na moja na magoti yamekwisha kuanza kumsumbua. Baba yake, Rwegoshora, ana thelathini na nne.

Wageni wapya huchanganya. Humwamkia Stephania shikamoo, halafu humgeukia Rwegoshora wakamuuliza mambo vipi, na Rwegoshora, aliyezaliwa mwaka 1935, hujibu salama kwa adabu zake zote. Zamani Stephania alikuwa anawasahihisha. Akieleza kwamba mwenye kustahili shikamoo ni yule kijana, mgeni husema samahani, hurudi kuamkia upya, basi, yanaishia hapo. Siku hizi anawaacha. Mashuka ni ishirini na manne kwa siku na yeye ni mmoja, nguvu ya kugawa shikamoo ataitoa wapi.

Yalivyokuwa si marefu. Mwaka 1969 pale palikuwa kibanja cha Rwegoshora: migomba, mibuni, nyumba ya udongo, na nyuma ya nyumba kaburi la baba yake na la babu yake. Bwana Shabani, mfanyabiashara aliyetoka Tanga, akamwomba sehemu ya mbele inayotazama barabara ajenge hoteli. Walipatana wenyewe kwa wenyewe. Shabani ataleta matofali, Rwegoshora ataleta ardhi, na hoteli itakuwa ya wawili. Wakapasua tunda moja la kahawa, zikatoka punje mbili, kila mmoja akatafuna yake, kama watu wa huku wanavyofanya wakitaka neno lisirudi nyuma. Hoteli ikapanda: vyumba kumi na viwili, matofali ya kuchoma, milango ya mninga, baraza pana lenye nguzo sita. Ikabaki karatasi tu. Bwana Shabani akaenda kupanda basi la Bukoba akaiandikishe, na mguu mmoja ukiwa umeshaingia ndani akamwambia mwenzake, "Linda hapa mpaka nirudi."

Hapo sasa ndipo pa kusikiliza vizuri. Kwa Kiswahili cha Tanga kulinda ni kulinda: ukae na rungu lako, mwizi asiingie. Kwa Kinyambo, lugha ya huku Karagwe, kulinda ni kungoja. Rwegoshora alikuwa na Kiswahili cha mwaka mmoja, alichokiokota kwenye kinu cha kahawa, na neno lile alikuwa nalo tangu kwa mama yake. Akajibu, "Nalinda." Kila mtu akaridhika. Basi likaondoka, na Rwegoshora akaketi kwenye benchi kungoja karatasi.

Bwana Shabani alifika Bukoba salama. Karani akamuuliza kiwanja kina nani kwa sasa, akasema amemwacha Rwegoshora, analinda. Karani, ambaye naye hakuwa mtu wa huku, akaandika: mlinzi, mmoja. Siku ya tatu homa ikamchukua Bwana Shabani, na ile karatasi ikafika Omurushaka mkononi mwa mdogo wake, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Karagwe na hakumjua yeyote. Akasoma kilichoandikwa. Mmiliki, Shabani na warithi wake. Mlinzi, mmoja. Akainua macho, akamwona Rwegoshora kwenye benchi, akaona kweli mtu yuko kazini.

Rwegoshora aliambiwa kwamba Bwana Shabani amefariki. Alisikitika sana, akavua kofia. Wakamwambia basi aondoke, akasema hawezi. "Aliniambia mpaka nirudi," akasema. "Hakusema nikifa uondoke."

Migomba ikakatwa ili pajengwe jiko. Makaburi yakaingia chini ya sakafu ya chumba namba saba, chumba ambacho mpaka leo wageni wanakisifia kwa usingizi mzito. Mke wake Vero akachukua watoto akarudi kwao Kituntu, na huko akangoja kwa namna ya kawaida, yaani akazeeka, akafa mwaka 1998. Rwegoshora hakwenda kumzika. Alituma salamu kwamba atakuja Shabani akisharudi. Stephania alimchukia kwa ajili ya salamu zile mwaka mzima, kisha akaja Omurushaka akaomba kazi ya kufua hapohapo hotelini, kwa kuwa kumchukia mtu kwa mbali, wakati hana wa kumpa chai, kulimchosha zaidi.

Kwamba Rwegoshora hazeeki, watu walianza kuliona miaka ya themanini, mtoto wake wa kwanza alipomfikia kwa umri. Halikuwa jambo la kuitiana mkutano. Padri alipita akamtazama, akambariki, akaendelea na safari yake. Mafundi waliokuja kupaka rangi walimwomba asogee kidogo, akasogea, wakapaka, akarudi.

Mwaka juzi barabara ikaanza kupanuliwa, na asubuhi moja watu wa vipimo wakachora alama ya X nyekundu kwenye nguzo ya tatu, juu kidogo ya kichwa cha Rwegoshora. Maana yake hoteli itabomolewa. Mwenye hoteli wakati huo alikuwa Tariq, mjukuu wa yule mdogo mtu, kijana mpole asiyepandisha sauti hata kwa wanywaji. Tariq akahangaika. Akaambiwa liko jambo moja tu la kuizuia X: nyumba iingizwe katika orodha ya majengo ya urithi. Nyumba ikishaingia humo, hakuna wa kugusa hata msumari. Lakini iwe na historia yake, imeandikwa, na mmiliki mmoja asiye na mgogoro.

Stephania aliposikia neno historia aliacha ndoo bombani ikijaa mpaka ikamwagika. Alikwenda kwa baba yake, akakaa naye kwenye benchi, jambo ambalo halifanyi kwa sababu kuinuka ni kazi.

"Tata, karatasi ikija yenyewe, bila Bwana Shabani?"

Rwegoshora akatazama barabara. Malori mawili ya kahawa yakapita.

"Alichofuata ni karatasi," akasema. "Ikija inasema tulivyopatana, nitanyanyuka. Nimechoka kukaa, mwanangu."

Ilikuwa mara ya kwanza Stephania kumsikia akisema amechoka. Alirudi kwenye chumba chake nyuma ya soko, akafua shati jeupe la kiume akalipiga pasi. Kisha akanunua sanda, nayo akaifua akaipiga pasi, akaviweka pamoja kwenye sanduku. Mtu aliyekaa miaka hamsini na tano, akinyanyuka, huwezi kujua kitamfaa kipi kati ya hivyo viwili. Chochote kitakachomfaa, atakwenda nacho Kituntu, akalale alipo Vero, na yeye Stephania siku ya pili yake hatafua shuka la mtu.

Afisa aliyeletwa kuandika historia aliitwa Novatus, Mhaya wa Muleba, mwenye futi ya kamba na fomu ya kurasa tisa. Alipofika barazani alimtazama Stephania, akamtazama Rwegoshora, kisha akamwinamia kijana akasema shikamoo. Rwegoshora akajibu marahaba. Stephania akajua huyu ni mtu anayeona, na moyo wake ukafanya kosa la kutumaini.

Siku mbili Novatus alipima milango, akahesabu vigae, akagonga kuta kwa vidole. Mchana wa siku ya pili, akila ndizi na nyama pale hotelini, mkewe alimpigia simu akamjibu, "Lindaho, nakuja kukupigia." Stephania alikuwa anafuta meza ya jirani. Akaweka kitambaa chini.

"Mwanangu, hilo neno ulilosema sasa hivi."

"Lipi, mama?"

"Ulilomwambia mkeo. Umemwambia akulinde na rungu?"

Novatus aliacha kutafuna. Stephania akamweleza yote akiwa amesimama: kibanja, punje mbili za kahawa, basi, karani, chumba namba saba. Hakulia wala hakuharakisha. Alikuwa amelieleza jambo hili kwa watendaji wa kijiji wanne, madiwani wawili na katekista, na maneno yalikuwa yamekwisha kulainika kwa kutumika. Alipomaliza, Novatus akasukuma sahani pembeni.

"Mama, nimekuelewa kabisa," akasema. "Hata bibi yangu angekuelewa."

"Basi andika."

Novatus akatoa fomu, akamwonyesha. Kulikuwa na sehemu ya mmiliki, ya mjenzi, ya watumishi, na ya vitu vya asili vilivyomo. Sehemu ya mtu anayengoja haikuwapo. Angeweza kumwandika kwenye mmiliki, wawe wawili, ndiyo. Lakini wakiwa wawili na karatasi ya Bukoba inasema mmoja, huo ni mgogoro. Mgogoro unakwenda baraza la ardhi. Faili la urithi linasimama kusubiri baraza, na greda halisubiri faili. Greda lilikuwa limekwisha kuonekana upande wa Ihembe.

"Wakibomoa itakuwaje?" Stephania akauliza.

"Muulize mwenyewe."

Wakatoka wakamuuliza. Rwegoshora aliwasikiliza kwa makini. Akasema aliambiwa angoje hapa, hakuambiwa angoje ndani ya nyumba. Nyumba ikiondoka, yeye hapa pake pako palepale. Akaonyesha kwa kidole, na kidole kilielekea pale ambapo ramani ya vipimo ilionyesha katikati ya barabara mpya, upande wa malori yanayotoka Kyerwa.

Stephania akamwendea Tariq. Alimkuta kwenye kaunta akipanga funguo.

"Mama Jovitha, mimi najua," Tariq akasema kabla hajaulizwa. "Bibi yangu Mwaja alinieleza kila kitu kabla hajafa. Alikuwa akilisema hata kwenye homa."

"Basi mwambie yule afisa."

"Nikimwambia, hoteli inakwenda na mzee anabaki barabarani. Nisipomwambia, hoteli inabaki na mzee anabaki barazani." Alishika ufunguo wa namba saba, akauweka, akaushika tena. "Nifanye nini, mama? Mimi sikuandika."

Ilikuwa kweli hakuandika. Ilikuwa kweli pia kwamba jambo lenyewe lilimkalia vizuri, naye alilijua hilo, ndiyo maana hakumtazama usoni. Stephania alimhurumia kidogo, kisha akajikasirikia kwa kumhurumia, kwa maana alikuwa na watu wengi wa kuwahurumia kabla ya kumfikia Tariq.

Jioni ile, saa kumi na moja, alitia saini. Fomu ilihitaji shahidi mwenye kuijua nyumba. Novatus alimwonyesha mahali, akamwazima kalamu, na Stephania akaandika jina lake kwa herufi za darasa la nne. Mbele ya jina palikuwa na nafasi ya uhusiano na jengo. Novatus akamwandikia mwenyewe, kwa mwandiko mzuri: mtoto wa mlinzi. Aliomba radhi kwa Kihaya alipokuwa anaandika. Kihaya hakikuingia kwenye fomu.

Miezi minne baadaye cheti kikaja. X ikapakwa rangi nyeupe, ingawa jua likiwa la upande bado inaonekana. Wakubwa walikuja na magari mawili, wakapiga picha na nguzo, wakala kuku. Walipoondoka Stephania akamwomba Tariq ile karatasi kwa dakika chache, akaipeleka kwenye benchi.

Rwegoshora alipoona karatasi yenye mhuri alivua kofia. Akaanza kunyanyuka, na magoti yake yakalia kwa sauti iliyosikika mpaka dukani kwa jirani, na juu ya sikio lake la kushoto zikatokea mvi tatu, nne, mbele ya macho ya binti yake.

"Nisomee."

Stephania alikuwa ameamua tangu usiku kwamba atasema uongo. Baba yake hakusoma shule, na uongo wa dakika mbili ulikuwa mdogo sana ukiulinganisha na ule wa ofisini. Akaishika karatasi mbali na macho yake, akasoma kwa sauti isiyoyumba: kwamba hoteli hii ni ya watu wawili, Shabani aliyeleta matofali na Rwegoshora aliyeleta ardhi; kwamba Rwegoshora alingoja kama walivyoagana; kwamba sasa amemaliza kungoja na aende nyumbani kwake.

Rwegoshora alikuwa karibu amesimama kabisa. Mgongo tu ndio ulikuwa haujanyooka. Uso wake ulifurahi, na ukaanza kuwa na mistari, mmoja baada ya mwingine, na Stephania akaona kwamba baba alifanana na mwanawe, marehemu Yustus.

"Jina langu liko wapi?" akauliza. "Shabani alinifundisha kuliandika. Hilo moja nalijua."

Stephania hakuwa amelifikiria hilo. Baba yake alichukua karatasi polepole, akaanza kutafuta kwa kidole kuanzia juu, kwenye mmiliki, akapita mjenzi, akapita milango ya mninga kumi na minne, akapita vigae, akapita mifereji ya mvua. Kidole kikasimama kwenye kipengele cha kumi na saba, ambacho kilisema: mlinzi mmoja, Rwegoshora, wa asili, hali nzuri. Akauliza mstari wa juu yake unasema nini, na Stephania, uongo ukiwa umemwishia, akamwambia mifereji ya mvua.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "mtu hawezi kuandikwa chini ya mifereji kwenye nyumba yake."

Akakunja karatasi vizuri, akamrudishia. Akamwambia huenda wamekosea wakaleta ya watu wengine, na ile yenyewe iko njiani. Akaketi. Mistari ya uso ikaondoka kama ilivyokuja. Mvi zilibaki.

Stephania alirudi nyuma kwenye kamba, akatoa mashuka yaliyokwisha kukauka, akayakunja yote ishirini na manne. Alilia kwenye la tisa mpaka la kumi na moja hivi, kisha akaendelea.

Aliandika barua kwa watu wa urithi, au tuseme Jovitha, binti yake anayeuza kwenye duka la dawa pale Omurushaka, ndiye aliyemwandikia. Aliomba baba yake, ambaye huenda angetii karatasi yenye mhuri, aruhusiwe kwenda Kituntu siku moja tu, akaone kaburi la mkewe, arudishwe kabla ya saa kumi na mbili. Majibu yalikuja kwa heshima kubwa. Yalisema kwamba vitu vya asili vilivyoorodheshwa haviruhusiwi kuondolewa, kukarabatiwa wala kupakwa rangi bila kibali, na kwamba kibali hutolewa kwa ombi la mmiliki, si la shahidi. Tariq akaomba. Akaambiwa ombi lake linafanyiwa kazi.

Mvua za vuli zilipoanza, magoti ya Stephania yalikataa kabisa ngazi za barazani. Sasa chai anaipeleka Jovitha, kabla ya kufungua duka. Jovitha ana miaka thelathini na sita, amempita babu yake kwa miwili. Wanaongea vizuri. Babu anamuuliza kuhusu dawa za mibuni, naye anamwambia yeye ni wa dawa za watu.

Jumapili moja baada ya misa mama na binti walikaa kwenye ukuta mfupi wa ng'ambo ya barabara, wakamtazama yule kijana kwenye benchi lake. Mtalii mmoja alikuwa anampiga picha. Alitulia apigwe.

"Mimi nitamtangulia," Stephania akasema. "Hilo lipo wazi."

Jovitha hakubisha. Mama yake hakuwa mtu wa kubishiwa mambo ya hesabu.

"Siku hiyo, mkinitoa hospitali kunipeleka Kituntu, gari lipitie hapa. Lisimame mbele ya baraza, mfungue mlango wa nyuma. Baba anapaswa kumwaga udongo wa kwanza kwa mtoto wake. Kama hawezi kuja, basi aone jeneza."

Jovitha aligeukia baraza. Alikuwa amesoma kile kibao kipya kilichosimikwa mbele ya nguzo ya kwanza.

"Mama, magari hayaruhusiwi kusimama pale. Mita ishirini kila upande, kwa sababu ya jengo."

Stephania aliitazama barabara, upana wake, na mahali ambapo gari lingetokea.

"Basi lipite taratibu," akasema.